Ukuta Niliouziba kwa Pamba

Mwanangu Faida,

Nakusalimia kwa jina la Bwana, wewe ambaye saa hizi uko bado hapa Kalemie, mwendo wa dakika chache toka nilipokaa, lakini utakaposoma haya utakuwa Kabalo. Umefika namna gani? Kifua kimetulia? Asubuhi nilikusikia ukikohoa wakati wa kufunga valizi. Mama yako akasema ni vumbi, mimi nikasema ni baridi ya ziwa, wewe ukasema sisi wawili hatukusomea uuguzi. Tukacheka. Naomba Mungu iwe vumbi tu.

Sisi ni wazima. Nimekaa kwenye meza yako ya masomo, ile niliyokutengenezea kwa mbao za masanduku, muguu wake mumoja ungali unacheza. Umeenda kumuaga nkambo yako, na ninamujua mama yangu: hatakuachia kabla hujala, na ukiisha kula atakufungia kingine cha njiani. Basi nina muda mupaka jua lishuke nyuma ya milima. Barua nitaiweka chini kabisa ya valizi, chini ya bluzi yako nyeupe ya kazi, ili uikute ukiwa umeisha kufika, hata kama treni itakaa Nyunzu siku tatu kama desturi yake.

Mambo ya chandarua, ya maji ya kuchemsha, ya watu wa kukwepa kwenye gari la moshi, mama yako amekuambia mara tano, nami nilikuwa nahesabu. Sitaongeza. Mimi nina jambo moja tu, nalo nimelizunguka miaka kumi na tano kama muntu anayezunguka nyumba yenye mubwa mukali.

Jumapili iliyopita, watu wa shirika letu la kanisa walipokuja kukuombea safari, ulisimama ukasema: “Nitafanya kazi kama Papa. Papa hajawahi kutoa kazi mbaya.” Walipiga makofi. Unakumbuka mimi nilifanya nini? Niliinama kufunga kamba ya kiatu. Faida, viatu vyangu vya Jumapili havina kamba.

Tangu barua yako ya kazi ilipofika na jina la Kabalo juu yake, usingizi umenipungukia, nawe unafikiri ni uchungu wa kukuachilia. Uchungu huo uko. Lakini Kabalo njo kwao Papa Mulongo.

Wewe ulimuita Papa Reli. Alikuwa muntu murefu, mweusi sana, wa sauti ya chini, aliyekaa mwaka mumoja na nusu katika chumba chetu cha nyuma. Alikuwa amefanya kazi ya reli ujana wake wote, si kwenye mashine, kwenye udongo: wao njo walikuwa wanatengeneza tuta linalobeba reli, na kulirudishia kila mvua inapolikula. Kazi ilipokauka akaja Kalemie kutafuta. Nilimukuta kanisani, nikamuleta nyumbani. Mvua ilipojaza kijito cha njia ya shule, yeye njo alikuwa anakuvusha mugongoni, na wewe ulikuwa unapiga honi ya treni sikioni mwake. Nilikuwa nampenda. Weka neno hilo mahali, kwa sababu yanayofuata hayatafanana nalo.

Mwaka ule parokia yetu iliamua kutengeneza mahali pa kuweka magari. Unajua kanisa lilivyokaa mulimani: wageni wakija na jeep walikuwa wanaziacha njiani, watu wa mikokoteni wanatukana. Padri akataka tukate mulima upande wa juu, udongo tuusogeze upande wa chini, tupate uwanja uliolala sawa, parkingi ya magari manane. Lakini udongo uliosogezwa unahitaji kitu cha kuushika usiteremuke, na chini pale kulikuwa na nyumba za watu. Mawe na simenti vilishinda uwezo wetu. Miti tulikuwa nayo, mikaratusi ya parokia yenyewe. Ndipo wakaniita mimi, niwajengee ukuta wa miti wa kuzuia udongo.

Mimi ni seremala wa mashua, mutoto wa seremala wa mashua. Ukuta wa namna hiyo sikuwa nimejenga hata mumoja. Ningeweza kusema hivyo. Ilikuwa maneno matatu tu: “Kazi hii siijui.” Lakini Padri aliniita mbele ya watu, akaniita fundi wetu, na mimi ni muntu wa darasa la sita, hakuna wengi walionisimamisha mbele ya watu kwa sifa. Nikasema ndiyo.

Kazi ya miti niliifanya vizuri, sitajidhulumu. Nguzo tulizichoma kidogo kwenye moto sehemu ya kuingia ardhini, tukazipaka mafuta machafu ya motere kusudi muchwa usizile, tukazizika karibu nusu ya urefu wake. Tukalaza mbao nzito moja juu ya nyingine nyuma ya nguzo. Tena tukafunga miti mingine inayoingia ndani ya mulima, imelala, kusudi ukuta uvutwe nyuma usianguke mbele. Tuliiita nanga. Watu walipita wakasema huu si ukuta, huu ni meli.

Ile sifa njo iliniharibu. Maana nikaingia kuufanya meli kweli.

Ulinisaidia wewe mwenyewe kusokota pamba, pengine umesahau. Ulikuwa na miaka minane. Tuliisokota kamba nyembamba, tukaichovya mawese, na mimi nikashika patasi butu na nyundo nikapiga kalafati katika kila mwanya kati ya mbao na mbao, kama babu yako alivyonifundisha kuziba mashua. Hakuna fundi wa ziwa anayeacha mwanya. Kwetu mwanya ni kifo. Mukono wangu haukuniuliza hata kidogo kama pale palikuwa na ziwa.

Papa Mulongo alikuwa anashindilia udongo nyuma. Siku ya tatu akaja, akapitisha kidole kwenye pamba.

“Fundi, njia ya maji unaiacha wapi?”

Nikamuambia mbao zangu hazivuji.

“Njo ile inaniogopesha,” akasema.

Nikamujibu kwa sauti, wote wasikie, kwamba muntu aliyeoga kwenye beseni maisha yake yote asije kumufundisha muntu wa ziwa habari ya maji. Watu walicheka mupaka wakaweka koleo chini. Yeye pia alicheka, hakuwa muntu wa kununa. Lakini hakuondoka. Akanivuta pembeni akasema polepole, kama anayemueleza mugonjwa namna ya kumeza dawa: “Mashua inakataza maji yasiingie. Ukuta wa mulima unaomba maji yatoke. Ukiyafungia, yatakaa pale nyuma kimya, yataongezana, halafu yatabisha hodi mara moja tu.” Akataka tuache nafasi ya kidole kati ya mbao, na nyuma yake tujaze mawe madogo kabla ya udongo, maji yapite, udongo ubaki. Kwenye reli walikuwa wanafanya hivyo.

Nilijua anasema kweli. Sitaki usome hapa kwamba sikuelewa. Nilielewa pale pale, kama unavyoelewa muntu anapokuonyesha tundu kwenye shati lako. Lakini pamba ilikuwa imeisha kuingia, watu walikuwa wameisha kucheka, na mimi nilikuwa ndiye meli. Nikamupa kona ya mwisho, pale penye mupera, hatua nne tu, afanye ya kwake, kusudi aninyamazie. Akaacha nafasi zake, akajaza mawe yake. Watu wakaita kona ile meno ya muzee.

Siku ya kumaliza nikafanya ya kwetu. Unajua mashua ikiisha, kabla ya kuishusha tunamwaga maji ndani na kuizunguka tukiangalia chini kama inatoa tone. Basi tukamwaga maji nyuma ya ukuta, beseni juu ya beseni. Kwenye meno ya muzee yalitoka hapo hapo, watu wakazomea. Kwangu, hata tone. Padri alipiga makofi. Wewe ulikuwa juu ya mabega yangu, na uliyapiga kuliko wote, nikasikia viganja vyako juu ya kichwa changu. Mwanangu, tulikuwa tunashangilia kosa lenyewe.

Mvua za mwaka wa kwanza ukuta ulisimama, nami nikatembea kifua mbele. Za mwaka wa pili zilikuja wiki nzima bila kupumua. Jumapili, tukiwa kwenye matangazo ya mwisho wa misa, tulisikia kishindo. Si kama cha radi, kama cha gunia lililoachiwa toka begani. Tulipotoka nje, katikati ya ukuta palikuwa pamefunguka kama mulango wa mabawa mawili, jeep ya mugeni imelala ubavu, na udongo umeteremuka wote juu ya jikoni ya Mama Zawadi.

Yeye hakuwa amekuja misa. Alikuwa anakaanga mandazi ya kutuuzia tukitoka.

Tulichimba kwa mikono. Papa Mulongo alifika wa kwanza na suti yake ya Jumapili, na yeye njo aliushika mukono wa mama yule. Mama Zawadi alitoka muzima, Mungu asifiwe, muguu umevunjika mahali pawili. Ndio ule muguu unaoujua, na ile fimbo.

Sasa nafika mahali ambapo hata Padri sijamufikisha.

Watu walikwenda hospitali na Mama Zawadi. Mimi nilirudi ukutani na patasi yangu. Baraza la parokia lilikuwa lije kesho yake kuangalia, na nilijua wataona nini: mbao zilizozibwa. Nikakaa kwenye tope, jua bado liko juu, kila muntu anayepita angeniona, na nikatoa pamba yote katika mbao zilizoanguka, mwanya kwa mwanya. Ilijaa beseni. Mimi muntu niliyepokea komunyo asubuhi ile, nilikuwa nang'oa pamba kwa haraka kama mwizi anayeng'oa kufuli. Nikaileta nyumbani, nikaichoma kwenye mbabula ya makaa nyuma ya nyumba. Mama yako alikuja akasimama. Akasema tu: “Pamba inawaka vizuri ikiwa na mawese.” Akarudi ndani. Mupaka leo hajaongeza neno juu ya lile, na hakuna hotuba iliyowahi kunichoma namna ile.

Kesho yake baraza likaja. Mbao zilikuwa na nafasi kati yake, kama za fundi yeyote. Kona ya Mulongo ilikuwa imesimama peke yake, hata musumari haukutikisika. Muzee mumoja wa baraza akauliza kwa nini hapa pamesimama. Nikajibu kwamba pale udongo ni muchache. Wakauliza nani alishindilia udongo nyuma ya ukuta.

Nikasema: “Udongo ulikuwa kazi ya Mulongo.”

Angalia neno lile, Faida. Hakuna uongo ndani yake. Kweli udongo ulikuwa kazi yake. Nimeliangalia miaka yote hii toka kila upande, kama mbao unayotafuta ufa, na kila nikilikuta halina ufa naona aibu zaidi.

Papa Mulongo akasogea mbele. Aliinama kwenye ubao mumoja uliolala, akaingiza kidole mahali pa kuungia, akakitoa, akakinusa. Mawese, mwanangu. Harufu haing'oki kwa patasi. Akanitazama, nami nikajua kwamba anajua. Nilingojea aseme. Nilikuwa karibu kumuomba Mungu aseme, yaishe. Hakusema. Alikuwa mugeni wangu, alikuwa amekula ugali wangu mwaka na nusu, na kwao muntu hamuiti mwenye nyumba mwongo mbele ya watu. Mimi nilijenga juu ya adabu yake kama nilivyopanga mbao juu ya mbao.

Wakamuambia asishike tena kazi ya parokia. Mutaa mzima ukajua: njo yeye aliyemuvunja Mama Zawadi.

Alikuja nyumbani kuchukua mufuko wake. Wewe ulikuwa mulangoni. Mimi nilikuwa ndani, nyuma ya pazia, na hili unapaswa kulijua, kwamba nilikuwa pale na nilisikia yote. Alikusalimia kama kila siku, kwa honi ya treni. Hukuitika. Ukasema: “Papa anasema wewe njo ulibomoa ukuta.”

Akakuambia: “Papa yako ni fundi mukubwa.”

Na akaenda. Pazia lilikuwa mbele ya pua yangu. Ningelisogeza kwa kidole kimoja.

Hujakosa kitu, Faida. Ulikuwa mutoto, ulisema neno ulilopewa na baba yako. Ninaliandika kwa sababu nadhani unalikumbuka, maana tangu siku ile hukuuliza tena habari ya Papa Reli, wewe uliyekuwa unauliza habari ya kila kitu. Kama umelibeba, liweke chini. Muzigo ule ni wangu, nilikubebesha ukiwa na miaka tisa.

Baadaye maisha yaliendelea, njo jambo la kutisha. Sikupigwa na radi. Mashua zangu zilinunuliwa. Nikawekwa kiongozi wa shirika. Kila mwezi nilikwenda kuungama: nilitubu hasira, nilitubu pombe ile ya ndoa ya shangazi yako, nilitubu kusinzia kwenye rozari, na lile nikaliruka, kama vile aliyeko nyuma ya Padri naye angeweza kuonyeshwa mbao safi. Mama Zawadi nimemutengenezea mulango, dirisha na kitanda. Kila mara ananiwekea mandazi kwenye karatasi, ananiita mwana wa Mungu, na akishika fimbo yake anamulaani Mulongo. Namusikia, nakula mandazi. Yanashuka kama mawe, lakini nayala.

Nilitaka kukupa shauri na naona sina ngazi ya kupandia nikushauri. Nitakuambia tu nilichokiona kwa macho yangu. Siku ya kwanza kosa ni dogo, hata mutoto anaweza kulibeba mupaka kwa mukubwa wake. Kesho yake limeisha kupata sababu. Wiki inayofuata limeisha kupata jina la muntu mwingine. Wewe unakwenda kushika sindano na dawa za watu. Siku mukono wako utakosa, na utakosa, sema saa ileile, hata kama umesimama mbele ya watu wanaokusifu. Hasa kama wanakusifu. Mimi sikuanguka kwa sababu sikujua kazi ya ukuta. Nilianguka kwa sababu nilipewa makofi nikashindwa kuyarudisha.

Na muntu wa chini yako akikuambia kitu unachokijua ni kweli, usimufanye wa kuchekwa mbele ya wengine. Kicheko kile kinafunga mulango, na wewe njo unabaki ndani.

Ulipowaambia watu kwamba Papa hajawahi kutoa kazi mbaya, nilijua siwezi kukuacha uende Kabalo na neno lile mudomoni. Wenzake Mulongo wa treni wananiambia anakaa karibu na gare ya treni na wajukuu wake, ameanza kuzeeka, anatembea polepole. Utamukuta. Kituo chako cha afya ni kimoja tu kule, na wazee wote wanakuja kupimwa damu. Sikutaka usimame mbele yake na uso wa muntu asiyejua.

Jana nilikwenda kwa Padri mupya. Sikuungama, nilimuomba nafasi. Jumapili hii, baada ya matangazo, nitasimama na kusema, na Mama Zawadi atakuwa kwenye benchi la pili kama kawaida. Nimeanza na wewe kwa sababu wewe njo niliyemuogopa zaidi. Nikiisha na wao, treni inayofuata nitaipanda mimi mwenyewe kuja kwa Mulongo. Usinitangulie kumuomba musamaha. Usimuambie Papa anajuta, Papa anaumwa moyo, hapana. Kama nitakuta mulango umefungwa, niukute hivyo mwenyewe.

Nakuomba kitu kimoja tu. Siku utakapomuona, mutangulie wewe kwa salamu. Muite Papa Reli. Ukipenda piga honi, hata kama watu wa kituo watakushangaa.

Nasikia mulango wa nje, na sauti yako unamuambia mama yako kwamba nkambo amekufungia samaki wakavu wa kulisha treni nzima. Nafunga hapa kabla hujaingia. Mungu akulinde, mwanangu, na akusaidie kunipenda ukiwa umejua.

Niandikie upesi, hata mustari mumoja, hata ukiwa na hasira. Uniambie kifua chako kinaendeleaje. Na uniambie kama aliitika.

Ni mimi Papa yako,
Anselmi